Kona ya wavutaji haimsaidii mhudumu

Mwenye baa mmoja aliyehojiwa kwenye habari anasema kupiga marufuku sigara ndani ya baa kutamfukuzia wateja, na kwamba kutenga kona ya wavutaji kunatosha. Mimi nimehudumu baa miaka sita hapa Dar es Salaam, naomba nimjibu. Hiyo kona nani anaihudumia? Ni sisi. Mteja anakaa saa mbili anakwenda zake, mhudumu yumo humo kuanzia saa kumi jioni mpaka usiku wa manane. Na moshi haujui mpaka, feni inausukuma hadi meza ya mama mwenye mtoto.

Nilipokuwa na mimba ya miezi mitano nilimwomba meneja anihamishie kaunta ya nje. Akaniambia kama siwezi kazi niseme. Nikabaki, kodi ya chumba ilikuwa inanidai.

Sheria yetu ya tumbaku ni ya mwaka 2003 na bado inaruhusu maeneo ya kuvutia. Uganda mwaka 2015 walipitisha sheria inayokataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka maeneo ya umma, kazini kukiwemo. Ireland, nchi ya watu wanaopenda baa kwelikweli, walikataza mwaka 2004 na baa zao zipo hadi leo.

Simkatazi mtu sigara yake, kaka yangu mwenyewe anavuta. Atoke nje, avute, arudi, bia yake ataikuta mezani. Wabunge wakiijadili sheria yetu ya tumbaku, wawaite na wahudumu, si wenye baa peke yao.