Mshindi Anapokabidhiwa Kalamu ya Kugawa Mashamba

Nimechoka kuambiwa kwamba watu huuana baada ya uchaguzi kwa sababu ya chuki za kikabila za tangu jadi. Wiki hii nimeyasikia hayo tena redioni, kwa kinywa cha mchambuzi aliyepewa saa nzima, na katika saa hiyo nzima neno ardhi halikutamkwa hata mara moja. Niliumia, kwa kuwa maelezo ya namna hiyo huwabebesha lawama waliofukuzwa makwao na kuwasitiri waliogawa mashamba.

Tume ya Ndung'u, iliyochunguza unyakuzi wa ardhi ya umma nchini Kenya na kutoa ripoti mwaka 2004, ilibaini kwamba sehemu kubwa ya ugawaji haramu ulifanyika kabla au muda mfupi baada ya chaguzi za vyama vingi za 1992, 1997 na 2002. Naomba msomaji aitafakari kalenda hiyo. Mtawala aliyehitaji wafuasi hakuwa na haja ya kugusa mali yake mwenyewe wakati misitu, mashamba ya utafiti na hata viwanja vya shule vilikuwa chini ya kalamu yake. Na pale ambapo mshindi hukabidhiwa uwezo wa kumpa huyu hatimiliki na kumnyima yule, mkulima huenda kituoni akijua kwamba matokeo yanaweza kuamua kama msimu ujao atapanda au atakuwa kambini. Mtu huyo hachagui sera. Analinda mpaka wa shamba lake. Ndiyo maana baada ya kura ya Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa, wengi katika Bonde la Ufa walifukuzwa kutoka mashamba waliyoambiwa kuwa si ya watu wa asili yao.

Kabila lina nafasi yake, sikatai, lakini aghalabu ndilo jina linalopewa mpaka wa shamba. Côte d'Ivoire ilipitisha sheria mwaka 1998 iliyowatengea raia pekee umiliki wa ardhi ya vijijini, wakati ambapo uraia wenyewe ulikuwa ukibishaniwa na wahamiaji wengi walikuwa wamelima kakao huko kwa miongo kadhaa. Vita vilizuka 2002.

Usiri nao huangusha serikali. Mwaka 2008 wananchi wa Madagascar walipata habari, kupitia vyombo vya habari vya nje, kwamba kampuni ya Korea Kusini ya Daewoo Logistics ilikuwa ikitafuta kukodishwa hekta milioni 1.3 kwa miaka 99. Hasira hiyo ilichangia kumwondoa Rais Ravalomanana madarakani Machi 2009, nje ya sanduku la kura, na demokrasia ya nchi ile ikalipa gharama.

Wapo watakaonitajia Botswana, nami nakubali kwamba utajiri wa ardhini haulazimishi vita. Mwaka 1967, mwaka uleule almasi zilipogunduliwa Orapa katika eneo la Wabangwato, jamaa za Rais Seretse Khama mwenyewe, haki za madini ziliwekwa mikononi mwa taifa zima badala ya kabila moja. Hata huko, Wasan, jamii ya wenyeji wa asili, walioondolewa katika hifadhi ya Kalahari ya Kati walilazimika kwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 iliamua kwamba waliondolewa isivyo halali.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi ili uwezo wa kugawa ardhi ya umma usibaki kwa mtu mmoja, na hiyo ni hatua kubwa, ingawa inahitaji sajili ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuifungua na kuisoma kabla ya kupiga kura. Nimewaandikia wenye kituo kile cha redio, nikiwasihi kwamba kipindi kijacho cha uchaguzi wamkaribishe mtu aliyewahi kufukuzwa shambani kwake, nao wamwulize nani alitia sahihi.