Sauti ya biashara husikika pesa ya mteja inapokwama

Kampuni ikisema inataka sauti yake ya kipekee, yaani namna yake ya kuongea na wateja, kazi huanzia kwenye kaulimbiu. Watu wanajifungia siku mbili, wanatoka na maneno manne ya kubandika chini ya nembo na sifa tatu za kujipa: rafiki, wa kisasa, wa kuaminika. Naona huko ni kuanzia mwisho. Kaulimbiu mteja huiona akiwa hana haja nayo. Sauti anayoikumbuka ni ya ule ujumbe uliomfikia saa tatu usiku, nyumba iko giza, luku (umeme wa kulipia kabla) haijaingia na hela haijulikani ilipo.

Ujumbe wenyewe mara nyingi huwa hivi: "Ndugu mteja, tunapenda kukutaarifu kuwa muamala wako haukukamilika kutokana na hitilafu ya kimtandao. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Herufi 150 pamoja na nafasi, na hakuna hata moja inayojibu swali la mtu aliye gizani. Muamala upi? Hela imekatwa au haijakatwa? Nifanye nini sasa? Tena hiyo "wowote" inaumiza. Ni kama mwandishi hana hakika kwamba kuna mtu aliyesumbuka.

Huo huo ujumbe unaweza kuandikwa hivi: "Habari Asha. Malipo ya umeme ya sh 20,000 hayajapita. Hela yako haijakatwa, iko kwenye salio. Jaribu tena baada ya dakika 10. Ikikwama, tupigie." Hizo ni herufi 144. Ukiondoa jina zinabaki 140, kwa hiyo jina la herufi 20 bado linaingia ndani ya SMS moja. Na hapo sauti imeshasikika: inaanza kwa salamu, inataja kiasi, inamtoa mtu wasiwasi kabla ya kumpa kazi, na inasema "hela" kwa kuwa ndivyo mteja mwenyewe atakavyosema akipiga simu. Kwa biashara inayouza Kenya ningeweka "pesa", maana "hela" huko haina uzito uleule.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kuacha kaulimbiu pembeni na kuanza na jumbe kumi ambazo hakuna anayependa kuziandika: malipo yamegoma, mzigo umechelewa, bei imepanda, bidhaa imeisha, deni limefika siku yake, ombi la mkopo limekataliwa, akaunti imefungwa kwa usalama, mteja amelalamika na ana haki, mteja amelalamika na hana haki, huduma itasimama usiku kwa matengenezo. Sauti ikishapita hapo, tangazo la sikukuu litajiandika.

Kabla ya kuandika, kusanya. Maandishi 60 yanatosha kuanzia: 20 ambayo biashara ilituma, 20 ambayo wateja waliandika wenyewe kwenye WhatsApp, na 20 kutoka kwenye simu za huduma kwa wateja, yaandikwe neno kwa neno na majina yaondolewe. Ya wateja yapange pembeni mwa yale yako. Utaona mteja anasema "hela imekatwa lakini token haijaja" na wewe unasema "muamala haukukamilika". Anasema "makato", wewe "tozo za huduma". Anasema "mzigo", wewe "shehena". Toa humo orodha ya maneno 30: tunasema hili, hatusemi lile. Orodha hiyo ina kazi kubwa kuliko kurasa 40 za falsafa ya chapa, kwa sababu mtu wa zamu ya usiku anaweza kuibandika ukutani.

Zile sifa tatu nazo hazina kosa, ila peke yake hazimsaidii mtu. Hakuna mshindani atakayejitangaza kuwa adui, wa kizamani na mwongo. Sifa huanza kufanya kazi ikiwekewa mpaka. "Tunachangamka, lakini hatutanii kuhusu pesa ya mtu." "Tunasema kwa ufupi, lakini salamu haturuki." Mpaka ndio unaomwambia mwandishi aache emoji ya kucheka pale anapomjibu mama aliyetuma hela kwa namba isiyo yake.

Kuhusu salamu, hapa miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza inatupotosha kabisa. Inasema nenda moja kwa moja kwenye jambo, kata maneno ya mwanzo. Kiswahili hakina "wewe" ya heshima na "wewe" ya kawaida. Mtoto na mzee wote ni "wewe" mmoja. Heshima inabebwa na vitu vingine: salamu, "naomba", kitenzi kinachoishia na -e kama "utusaidie" au "tupange", na jina la kumwitia mtu. Ukivikata vyote ili uonekane wa kisasa, kinachobaki ni amri. "Lipa sasa" kwa mtu wa miaka 60 inasikika kama mgambo wa soko. Lakini "Weka namba ya siri" haimkeri mtu, kwa kuwa ni hatua anayoelekezwa. Kanuni ninayoiamini ni hii: amri itumike kwenye hatua za menyu, na ombi litumike kwenye kila kinachogusa mfuko. "Shikamoo" usiiweke kwenye ujumbe wa mashine. Mfumo haumjui mkubwa wala mdogo, na shikamoo isiyomjua anayeamkiwa haina adabu ndani yake. "Habari" inatosha kwa wote.

Jina la kumwitia mteja nalo liamuliwe mara moja, liandikwe. "Ndugu mteja" Tanzania ni kawaida kabisa, ingawa inanuka ofisi. Kenya "ndugu" husikika zaidi kama kaka, na jumbe nyingi huko huanza na "Mpendwa mteja". Biashara ya nguo inaweza kuita "mpenzi" bila kosa, benki haiwezi. Usijaribu kuandika ujumbe mmoja wa Dar es Salaam na Nairobi kwa pamoja. "Vocha" ya huku ni "kredo" kule, na "rununu" (simu ya mkononi) inayosomeka vizuri kwenye gazeti la Kenya inamfanya Mtanzania asimame ajiulize. Sheng na maneno ya vijiweni yana ladha, ila yanachacha haraka. Neno la mtaani la mwaka huu likiwekwa kwenye bango litakalosimama miaka mitatu, mwaka wa pili linaizeesha chapa iliyotaka kuonekana changa.

Kisha kuna ugonjwa wa tafsiri. Wakala wa matangazo anapokea maandishi ya Kiingereza, anampa mtu ayageuze mchana huohuo, na hapo ndipo zinapozaliwa sentensi kama "Pata uzoefu usiosahaulika" au "Chukua udhibiti wa fedha zako". Uzoefu kwa Kiswahili ni wa fundi aliyefanya kazi miaka kumi. Hauuzwi kwenye kifurushi. Tafsiri si lazima iwe hivyo. Vodafone, kampuni mama ya Vodacom, walipotoka na kauli ya Kiingereza iliyosema mustakabali unasisimua, Vodacom Tanzania waliitoa kama "Yajayo Yanafurahisha". Tazama walichofanya: hakuna "wakati ujao", hakuna "mustakabali". Ni "yajayo" tu, mambo yasiyotajwa, kama mtu anavyosema akiwa na habari njema mfukoni, na silabi za "ya" zinagongana vizuri mdomoni. Watu waliichukua wakaitumia kwenye mazungumzo yao. Aliyeitunga alifikiri kwa Kiswahili kabla ya kuandika.

Na shule ya ufupi tunayo nyumbani. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina: mstari mmoja uliochapwa chini, wenye msemaji, mlengwa na msimamo. Anayeusoma anajua kama anabembelezwa, anashukuriwa au anasutwa. Ukitaka kumfundisha mwandishi mpya, mpe kanga ishirini asome majina yake kwa sauti, kisha aseme nani anamwambia nani. Asinakili methali, maana methali iliyozoeleka ni ya kila mtu na haiwezi kuwa sauti ya mmoja. Ajifunze kipimo.

Sasa mambo mawili ya kiufundi yanayoharibu kazi nzuri. SMS moja inabeba herufi 160 ikiwa alama zote ni za kawaida. Ikiingia emoji moja, au ritifaa (ile alama ya juu kwenye ng') iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, uwezo unashuka hadi 70. Na ujumbe ukigawanywa, kila kipande kinabeba 67 tu, pale ambapo kwa alama za kawaida kingebeba 153. Kiswahili kina ng'. Mtu akiandika "ng'aa" kwenye programu ya ofisini, programu inapindisha ritifaa yenyewe, na ujumbe wa herufi 144 kama ule wa Asha unakuwa vipande vitatu na unalipiwa mara tatu. Andika kwenye kihariri cha maandishi matupu, au weka ukaguzi wa alama kabla ya kutuma.

Jambo la pili ni kauli ya kutendwa. "Unakumbushwa kulipa deni lako mara moja kabla hatua kali hazijachukuliwa." Nani anakumbusha? Nani atachukua hatua? Ujumbe usio na mtenda unatisha, na wanaouandika wanalijua hilo. Kenya suala hili lilifika kwenye kanuni: mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zinazokataza vitisho na lugha ya matusi katika kudai madeni. Lakini hata bila kanuni, jaribu hii: "Rejesho lako la sh 15,000 linafika Ijumaa. Kama Ijumaa ni ngumu, tuambie kabla ya Alhamisi jioni tupange siku nyingine." Ina siku, ina kiasi, ina mlango. Ila usiutume ikiwa anayepokea simu hana ruhusa ya kupanga siku nyingine, kwani mteja atakutana na sauti mbili za kampuni moja ndani ya dakika tano, na ataiamini ile mbaya.

Biashara ndogo husema haya ni ya wakubwa. Sikubali. Muuza viatu wa Kariakoo anayeandika "bei inbox" chini ya kila picha ameshachagua sauti, na sauti hiyo inasema bei inategemea wewe ni nani. Anayeandika "Sh 35,000, namba 38 hadi 42, Dar unaletewa leo" naye amechagua. Ni mistari miwili tu, na wateja wanaojibu ni wa aina mbili tofauti.

Jumbe zako kumi zikishakuwa tayari, funika jina la biashara na uwasomee kwa sauti watu wanane wasio wafanyakazi wako. Usiwaulize kama wamependa. Waulize anayeongea ni nani, ana umri gani, na kama wangempa hela yao awatunzie. Watu watano wakimtaja mtu wa aina moja, sauti ipo. Kila mtu akimtaja wake, rudi kwenye yale maandishi 60. Wakisema "ni serikali", anza kwa kufuta "tunapenda kukutaarifu". Kisha yaweke haya kwenye mwongozo wa kurasa mbili, umkabidhi mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuzuia ujumbe usitoke, na awe anakaa karibu na wanaopokea simu.