Mbwa Akigoma Kukatwa Kucha, Msimkandamize

Wiki hii kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Tanga. Vijana wanne wamemlaza mbwa wa ulinzi barazani, mmoja kamkalia mabegani, mmoja kamkaba shingo, wa tatu kakamata miguu, na wa nne anakata kucha kwa koleo la fundi umeme. Mbwa analia mpaka sauti inamkauka. Chini watu wameandika "kazi safi" na "leo amekoma". Imeniuma sana. Mbwa yule hajakoma chochote. Amefundishwa kuuma, na atakayeng'atwa siku ikifika huenda akawa mtoto wa nyumba ile ile.

Ukucha wa mbwa una nyama hai ndani, yenye damu na mishipa ya fahamu. Ukiikata, anaumia kama wewe unavyoumia ukucha ukikatwa ndani ya nyama. Sasa mbwa aliyekandamizwa akikatwa pale, halaumu koleo. Anachoshika ni kwamba mkono ukigusa mguu, maumivu yanafuata, na kwamba hakuna njia ya kuondoka. Safari ya pili ataanza kupambana ukishika tu kamba. Safari ya tatu hatangoja umkaribie. Na wengi humpiga akinguruma! Kunguruma ni onyo. Mbwa anayepigwa kwa kuonya huacha kuonya, hubaki na meno tu.

Kuna na suala la pumzi. Mbwa hapozi mwili kwa jasho kama sisi, anapoza kwa kuhema na ulimi nje. Mfunge mdomo kwa kamba ya mkonge, mkalie kifuani, katika joto letu la Februari, halafu mng'ang'anie nusu saa: joto linaweza kumuua hapo hapo mkidhani ametulia. Kama lazima afungwe mdomo, tumia kile kifungio cha kikapu kinachomruhusu kuhema na kula. Kitambaa au kamba ni kwa dakika moja au mbili, na kwa mtu anayejua anachofanya.

Najua kwa nini mbwa wetu wanafikia hali hii. Wengi hapa pwani hatumshiki mbwa, hasa mate na pua yake, kwa sababu ya najisi. Hilo ni la dini na halina ubishi. Lakini matokeo yake mbwa wa ulinzi anakulia uani, mchana kafungwa, usiku kaachiwa, sahani inasukumwa kwa mguu, na mkono wa mtu anauona siku ya kamba au sindano tu. Huku uani ni mchanga, na mchanga hausagi kucha kama lami au sementi. Zinarefuka, zinasukuma vidole juu, mwendo unaharibika, mwisho ukucha unanasa kwenye wavu na kupasuka mpaka ndani.

Kwa mbwa wa namna hiyo dawa ni ubao, na nashangaa hausemwi zaidi. Tafuta ubao wa sentimita 30 kwa 60. Nenda kwa fundi seremala, omba msasa wa kitambaa namba 80. Ule wa karatasi unyevu wa hapa unaulegeza upesi. Ubandike kwa gundi ya mbao, kingo uzikunje nyuma ndipo upigilie misumari huko huko nyuma, isije ikamchoma. Uinamishe ukutani, uukanyage chini usiteleze. Weka dagaa mmoja juu ya ubao, umfunike kwa kitambaa kinene. Mbwa ataparua kumtafuta. Akiparua tu, hata mara moja, mrushie dagaa mwingine kutoka mkono wa pili. Baada ya siku chache toa kitambaa, ataparua ubao wenyewe kwa sababu ameshajua unalipa. Mara tano mpaka kumi kila mguu inatosha kwa siku. Ukizidisha, msasa unachubua ngozi ya chini ya vidole, na mbwa aliyechubuka ataukataa ubao. Humgusi, humshiki, na kucha za mbele zinapungua. Asiyetaka kumshika mbwa kwa dini yake ana njia safi hapo.

Ubao hauwezi yote. Miguu ya nyuma ni vigumu kuifundisha, na kile kidole cha ndani cha mguu wa mbele, kinachokaa juu bila kugusa ardhi, msasa haukifikii kabisa. Nacho ndicho cha hatari, maana ukucha wake hujikunja mviringo na kurudi kuchoma nyama. Kwa hivyo mkono lazima azoee, uvae glavu au usivae.

Anzia begani, si mguuni. Gusa bega, ndipo utoe kipande cha ini au dagaa. Gusa kwanza, chakula baadaye. Ukigeuza, chakula kinakuwa dalili ya mtego na ataanza kukikwepa. Dakika tatu, asubuhi na jioni, jioni iwe ameshakimbia pwani na jua limepungua. Akiwa bega halimshtui, shuka kiwiko, kisha kifundo, kisha kidole kimoja kimoja. Akivuta mguu, uachie hapo hapo, na mara inayofuata rudi juu kidogo. Kuachia huku ndiko watu wanakukataa, eti mbwa atajiona ameshinda. Mbwa anayejua ataachiwa hana sababu ya kupigana. Mtazame usoni: akilamba midomo, akipiga miayo, akionyesha weupe wa jicho au akikakamaa, umekwenda mbio.

Mkasi wa kucha za mbwa uweke chini karibu na sahani yake siku kadhaa. Kisha kata tambi kavu nene karibu naye, ule mlio unafanana na wa ukucha, umpe chakula. Siku ya kwanza kata ukucha mmoja, basi. Mbwa wengi wana kucha 18. Mmoja kwa siku, hata wiki tatu hazifiki. Usiuvute mguu upande, unaumiza kiungo. Uinue kidogo tu kwa mwelekeo wake. Ukucha mweupe utaiona nyama ya waridi ndani, kata kabla yake. Mweusi kata vipande vya milimita moja, kila mara ukitazama pale palipokatwa. Pakiwa pakavu na peupe, endelea. Katikati kikitokea kitone cheusi chenye unyevu, simama. Koleo na mkasi butu vinaponda ukucha badala ya kuukata, ndiyo maana mbwa analia hata damu isipotoka.

Damu ikitoka, shabu ile ya vinyozi inatosha. Isage unga, ubandike na ubane dakika tatu bila kufunua funua. Iwe mkononi kabla hujaanza.

Nakubali, kuna siku hakuna wiki tatu. Ukucha ukishaingia nyamani au umepasuka, mwite daktari wa mifugo amchome dawa ya usingizi kwa uzito wake. Vidonge vya binadamu msimpe. Na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, wenye kurekodi wakumbuke hilo.

Wenye nyumba wa Raskazone na Chumbageni mnaoita vijana wa kukata kucha, malipo yenu nayo yanachangia. Mkimlipa kijana kwa mbwa mzima, atamaliza kucha zote siku moja kwa njia yoyote aijuayo. Mlipeni kwa kila safari, mguu mmoja kwa safari, na akija akakuta mbwa hataki siku hiyo, alipwe vilevile na arudi kesho.