Nani hasa ni mkanamungu?

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwaweka wasio na dini na wakanamungu katika safu moja, na jumla yao ikawa watu 755,750. Kaunti iliyoongoza haikuwa Nairobi. Ilikuwa Kilifi, yenye watu zaidi ya 146,000 katika safu hiyo, na papo hapo ikasemwa kuwa Kilifi ndiyo ngome ya wakanamungu.

Anayeijua pwani ile hawezi kulipokea hilo kirahisi. Kilifi ni nchi ya Wamijikenda na kaya zao, misitu mitakatifu ambayo baadhi yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Humo wazee huomba mvua na kumtaja Mulungu katika dua zao. Mgiriama, mmoja wa Wamijikenda hao, asiyekwenda kanisani wala msikitini, akiulizwa dini yake, anaweza kujibu kwa ukweli kabisa kwamba hana. Safu ya dini za jadi ilikuwapo, ila wapo ambao heshima yao kwa Mungu na wahenga hawaiiti dini. Kwao hiyo ni mila. Sidai kwamba wote waliohesabiwa ni wa namna hii. Ninachosema ni kwamba takwimu ile haituruhusu kumwita hata mmoja wao mkanamungu.

Tatizo haliko kwa makarani wa sensa peke yao. Hata wanafalsafa hawajaafikiana. Wapo wanaosema mkanamungu ni yule anayeshikilia kwamba Mungu hayupo. Anatoa dai, kwa hiyo naye atoe hoja zake. Asiye na uhakika wana jina jingine la kumpa, agnostiki, lile alilobuni Mwingereza Thomas Huxley mwaka 1869 kwa watu wanaokiri kwamba jambo hili hawalijui. Wengine, akiwamo mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew katika miaka ya 1970, walipendekeza maana pana zaidi: mkanamungu ni yeyote asiye na imani juu ya Mungu, hata kama hakanushi chochote.

Maana hiyo pana ina haki yake. Wengi walioacha kuamini hawakufika huko kwa kumpinga Mungu. Walitafuta wakakosa cha kuwaridhisha, na kuwaambia wathibitishe kwamba hayupo ni kuwabebesha dai wasilolitoa. Lakini ikivutwa sana inapoteza kazi. Wapo wanaosema hata mtoto mchanga ni mkanamungu kwa kuwa hana imani, na hapo mimi siwafuati. Jina la msimamo halimfai asiyewahi kulifikiria jambo lenyewe.

Upande wa waumini nao una hoja isiyopaswa kudharauliwa. Chama cha wakanamungu wa Kenya kiliposajiliwa Februari 2016, kisha usajili ukasimamishwa Aprili, waliokipinga walikumbusha kwamba utangulizi wa Katiba ya 2010 unakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Kwao, kukana Mungu hadharani kunagusa msingi wa jamii. Naielewa hofu hiyo, ila ibara ya 32 ya Katiba hiyohiyo inalinda dhamiri, fikra na imani ya kila mtu, na usajili ulirejeshwa baadaye.

Kinachoniumiza ni jina hili kutumika kama tusi: kijana anauliza swali gumu kuhusu mahubiri, anaitwa mkanamungu, na mazungumzo yanaishia hapo. Wakristo wenyewe walitendewa hivyo. Katika karne ya pili, Warumi waliwaita wasio na Mungu kwa sababu walikataa kuiabudu miungu ya dola, na umati ulipiga kelele dhidi ya "wasio na Mungu" hao ukitaka askofu Polikapo wa Smirna atafutwe, naye akauawa.

Kwa hiyo nashikilia kwamba jina hili avae yule anayejiita hivyo, au anayesema waziwazi kwamba haamini Mungu yupo. Sensa ijayo itenganishe maswali mawili: una dini? Unaamini kuna Mungu? Hata hivyo, nyumbani mara nyingi mkuu wa kaya ndiye hujibu kwa niaba ya wote, na binti aliyeacha kuamini bila kumwambia baba yake ataandikwa Mkristo au Mwislamu kama wenzake.