Buibui wa milimita 5 alivyonitoa mbio

Jamani mimi naogopa buibui tangu utotoni, sasa sijui nani alinidanganya ninunue kale kalenzi ka makro, ka kupigia picha vitu vidogo kwa karibu, ka kubana kwenye simu. Eti niwapige picha ili niwazoee.

Nikampata mmoja chini ya dirisha, wale wanaorukaruka, kadogo kama punje ya mchele. Wale wana macho manane, mawili ya mbele makubwa kama taa za gari, na ukisogea anageuka kukutazama usoni kabisa, yaani unajihisi wewe ndo unapigwa picha.

Shida ya lenzi hizi ni kwamba lazima ukaribie sana, sentimita mbili tatu hivi, na zumu haisaidii kitu, inabidi usogeze mwili wote mbele nyuma taratibu kama mjusi. Macho yakikaa sawa miguu imetoka ukungu, miguu ikikaa sawa macho yamepotea, na ukipumua tu kila kitu kinacheza. Basi nikalala kifudifudi, kidole kwenye kitufe, pumzi nimebana.

Mama akapita. "We mwanangu, unabusu ukuta?"

Ningemjibu na pumzi nimebana? Nikasema "mmmh". Akaondoka anatikisa kichwa.

Kwenye skrini yule buibui saa hiyo ana ukubwa wa paka, manyoya yote nayaona, anapapasapapasa na vile vimikono vya mbele, mimi nafurahi kabisa nasema leo nimepona uoga. Ghafla skrini ikawa nyeusi tii. Nikajua simu imezima. Kumbe jamaa karukia lenzi! Mara namwona anachungulia kwa juu ya simu, yeye mwenyewe, mzima mzima, pua yangu iko hapo hapo. Akili yangu ikaniambia ametoka ndani ya skrini.

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga, nikabiringika chali, simu ikaruka ikanitua usoni, nikaitupa, nikatoka mbio peku mpaka nje. Mama naye akatoka mbio nyuma yangu, hajui hata tunakimbia nini.

Kurudi, buibui ananing'inia kwenye uzi wake hapo dirishani, ametulia zake (hawa kabla ya kuruka wanabandika uzi kwanza, mimi sikubandika chochote). Kwenye simu kuna picha 63, maana kidole kilibaki kimeng'ang'ania kitufe. 62 ukungu mtupu. Moja ndo imetoka kali ajabu, tundu la pua yangu, vinyweleo vyote vinahesabika. Mama kaiomba nimtumie.

Lenzi yenyewe ilichomoka, nikaja kuiona baada ya wiki chini ya kabati. Nimeinama kuichukua, naona kitambaa cheupe cha uzi kimezungushiwa ndani ya klipu, na katikati kuna mtu ananitazama na macho mawili kama taa za gari.

Nimemwachia.