Kwani Kila Aliyepigwa Utotoni Huwa Adui?

Mei 2020, Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungiwa kwa sababu ya korona, hakuna aliyeingia wala aliyetoka, na misikiti nayo ilikuwa imefungwa katikati ya Ramadhani. Kwetu, baada ya futari, kilichobaki ni flashi ya ndugu yangu iliyojaa filamu. Usiku mmoja tukaweka Joker, ile ya 2019 aliyocheza Joaquin Phoenix. Tulikuwa watu saba, feni moja, sahani ya kaimati katikati. Ilipofika pale Arthur, mhusika mkuu anayekuja kuwa muuaji, anaponyang'anya faili la mamake hospitalini, akalisoma ngazini na kugundua kwamba alipokuwa mdogo alifungwa kwenye bomba la kupashia nyumba joto na kupigwa na mwanamume aliyekuwa na mamake, ami yangu akatikisa kichwa. "Si mnaona? Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ndiyo maana akawa hivi."

Chumbani humo alikuwemo binamu yangu, wakati huo ana miaka kumi na tisa. Babake wa kambo alikuwa akimchapa kwa waya wa pasi. Sote tulijua, ami pia alijua, ila nadhani kwa dakika ile alisahau. Binamu akainuka, akasema anakwenda kunywa maji. Hakurudi. Kaimati zake mbili zilibaki kwenye kisahani mpaka daku.

Tangu usiku ule, kila nikitazama filamu yenye muuaji, huwa nangojea ile dakika ya utotoni. Na haikosi. Mwandishi akitaka muuaji wake aeleweke, humtilia kipigo cha utotoni kama mpishi anavyotia chumvi: picha zinafifia, mlango unabamizwa, mtoto analia chini ya kitanda, basi, tumeshaelezwa. Kisha tunarudi kwenye damu. Kidonda kimewekwa ubavuni mwa kisu, na mtazamaji anaviunganisha mwenyewe, kama alivyofanya ami.

Wanaolalamikia jambo hili, kwamba sinema huwageuza waliodhulumiwa kuwa wauaji, wana haki, tena wana hesabu. Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani, Cathy Spatz Widom, alichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwafuatilia watoto 908 ambao mahakama ilithibitisha kuwa walidhulumiwa au walitelekezwa. Aliwalinganisha na wengine 667 waliofanana nao kwa umri na hali ya maisha, ila hawakuwa na kesi kama hiyo. Waliokuja kukamatwa kwa makosa ya kutumia nguvu walikuwa kama 11 katika kila 100 upande wa waliodhulumiwa, na 8 katika kila 100 upande wa pili. Tofauti ipo, wala haifai kuificha. Lakini hao wengine 89 wako wapi kwenye sinema? Wameajiriwa, wameoa, wanauza viazi karai, wanalala vibaya usiku na asubuhi wanakwenda kazini. Filamu inamchukua mmoja wa wale 11 na kumvika sura ya wote mia.

Hapa kwetu hesabu inauma zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Kenya ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanawake vijana na zaidi ya nusu ya wanaume vijana walifanyiwa ukatili wa aina fulani kabla ya kufika miaka 18. Kama kipigo peke yake kingezaa Joker, Mwembe Tayari hapa mjini pasingepitika.

Lakini nikishasema hayo nakwama, kwa sababu ninapowauliza walalamikaji wanataka nini badala yake, wengi huniletea mwathiriwa mpole. Analia, anasamehe, anapona, anafungua kituo cha kusaidia wenzake. Huyo naye ni mzigo. Kaa barazani jioni yoyote, ipite habari ya mke aliyepigwa mpaka naye akamrudishia mumewe mafuta ya moto, usikie: "Lakini na yeye ana mdomo." Akishainua mkono tu, tayari si mwathiriwa tena.

Hata sheria ina shida hii. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inakubali kwamba uchokozi unaweza kushusha mauaji ya kukusudia yakawa ya kutokusudia, lakini uchokozi wenyewe uwe wa ghafla, na mtu awe ametenda kabla hasira haijapoa. Aliyepigwa miaka kumi hana hasira ya ghafla. Ana hasira iliyolala naye kitanda kimoja, ikapika naye, ikamsubiri naye mumewe arudi. Wakili atahangaika kuibana miaka hiyo yote ndani ya dakika moja ili mahakama ielewe. Filamu ina saa mbili, inaweza kuikalia miaka hiyo. Kwa hivyo anayesema sinema zisimwonyeshe kabisa aliyedhulumiwa akiua anatuondolea mojawapo ya mahali pachache ambapo habari yake ingesikika yote.

Halafu kuna adui asiye na kidonda, yule wa kuzaliwa, na huyo tunamjua vizuri kuliko mtu yeyote. Tazama tamthilia na filamu fupi za mwambao: bibi kizee, mvi, jicho jekundu, kibuyu. Hana jana wala juzi. Hakuna anayeuliza nani alimfukuza kwenye shamba lake, wanawe wako wapi, alikula nini leo. Ni mchawi, basi. Nenda sasa Kilifi, ambako wazee wa kweli huuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ukichimba unakuta ugomvi wa ardhi. Kule Ganze, kituo cha Kaya Godoma kimekuwa kikiwahifadhi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Sisemi tamthilia ndizo zinazoshika panga. Nasema tu kwamba yule bibi wa kwenye skrini amenyimwa hata zile dakika mbili za utotoni ambazo Hollywood humpa muuaji wake. Nikilazimishwa kuchagua, nitachukua adui mwenye kidonda kuliko adui asiye na historia.

Ila sidhani kama tunalazimishwa. Sinema ninayoitumia kama kipimo si ya juzi, na wazee wa mji huu wanaweza kukusimulia mwanzo mpaka mwisho bila kujua Kihindi zaidi ya maneno ishirini. Ni Deewaar ya mwaka 1975. Baba ni kiongozi wa wafanyakazi. Matajiri wanaishika familia yake, wanamlazimisha awasaliti wenzake, naye anatoroka kwa aibu. Wafanyakazi wenye hasira wanamkamata mwanawe mkubwa, Vijay, na kumchanja mkononi maneno yasemayo babake ni mwizi. Mtoto! Mama anawachukua wanawe wawili, wanalala chini ya daraja Bombay. Vijay, ambaye ni Amitabh Bachchan, anakua kuli wa bandarini, anakataa kutozwa na majambazi wa gati, kisha yeye mwenyewe anakuwa mkubwa wa magendo. Mdogo wake, Ravi, aliyelala chini ya daraja lile lile, anakuwa polisi. Mwisho Ravi ndiye anayempiga risasi, na Vijay anafia mikononi mwa mama hekaluni.

Angalia filamu ile ilivyofanya. Haikuficha kidonda, kimeandikwa mkononi, kinaonekana kila Vijay akikunja shati. Wala haikukifanya kisingizio. Lakini ilimweka ndugu kando yake, mwenye njaa ile ile na baba yule yule aliyepotea, ili usiweze kusema mtoto wa nyoka ni nyoka, maana nyoka mmoja kavaa sare ya polisi. Tena haikukupa raha ya kumsifu Ravi tu, kwani Ravi hakuchanjwa mkono, na kaka mtu ndiye aliyefanya kazi ili mdogo asome. Tuliokulia mji wa bandari twawajua ndugu wawili wa namna hiyo. Kila mtaa unao.

Ukirudi kwa Joker na kipimo hicho, unaona kinachopungua. Filamu ile ilipata tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la Venice, ikaingiza zaidi ya dola bilioni moja, na uigizaji wa Phoenix ni wa kutisha kweli. Mbali na Arthur, ni nani mwingine mle ndani anayeonewa tukamfuata mpaka nyumbani kwake? Yupo Gary, mwenzake mfupi anayechekwa kazini, ambaye Arthur anamwacha hai kwa sababu alikuwa mwema kwake. Huyo angetosha. Lakini amepewa dakika chache, na sehemu yake ni mzaha: hafikii komeo la mlango ili atoroke. Pale sinema nzima hucheka. Mtu ambaye angetuonyesha kwamba unaweza kuonewa usiue kageuzwa kichekesho.

Mfano unaoniliza wa upande wa pili umechezwa na mwenzetu. Us ya Jordan Peele, 2019, Lupita Nyong'o akiwa mama wa familia na pia akiwa Red, yule mwenye sare nyekundu na mkasi anayekuja kuwaua. Nilikwenda kuitazama Nyali, na watu walikuwa wakimshangilia Adelaide, mama wa watu. (Asiyeitazama aruke aya hii.) Mwishoni unaambiwa kwamba Red ndiye Adelaide halisi. Mwaka 1986, akiwa mtoto, pacha wake wa chini ya ardhi alimkaba koo, akamburuta chini, akamfunga pingu kitandani, akavaa nguo zake na kupanda juu kuishi maisha yake. Ile sauti ya kukwaruza iliyotuogopesha saa mbili nzima ilikuwa koo lililokabwa. Tuliyemwita adui ni mtoto aliyeibwa. Na yule mwizi naye alizaliwa gizani, hakuwahi kuona jua. Mle ndani aliyedhulumiwa si mmoja, ni ukumbi mzima.

Hata hapo, lakini, kuna waliodhurika. Lupita alisema sauti ile aliitoa kwa watu wenye maradhi ya misuli ya koo yanayokata sauti, na watetezi wa wagonjwa hao wakalalamika: ugonjwa wetu umefanywa mlio wa shetani. Aliomba radhi hadharani. Mtu anaweza kuifikiria dhuluma kwa makini kiasi hicho na bado akamkanyaga mwingine.

Na huruma nayo si salama. Bandit Queen ya Shekhar Kapur, 1994, ilimsimulia Phoolan Devi, mwanamke wa tabaka la chini India, aliyeozwa akiwa na miaka 11, akabakwa, akawa kiongozi wa majambazi, na akahusishwa na mauaji ya wanaume wapatao 20 kijiji cha Behmai mwaka 1981. Filamu ilimtetea. Yeye mwenyewe, aliyetoka gerezani mwaka huo huo baada ya miaka 11, alikwenda mahakamani izuiwe, akilalamika kwamba dhuluma aliyofanyiwa imeanikwa mbele ya watu bila idhini yake. Miaka miwili baadaye alichaguliwa mbunge; mwaka 2001 akapigwa risasi nje ya nyumba yake Delhi. Sioni jibu rahisi hapo. Ukimfanya adui umemwonea, na ukimlilia bila kumuuliza umemwonea tena.

Kwa hivyo siku hizi nikitazama, siulizi kama muuaji amepewa kidonda. Nauliza nani mwingine ndani ya picha ile anacho, na nani alikiona kikitoka damu akanyamaza. Swali la pili si langu.

Mwaka jana nilimpitia binamu yangu Kisauni, ambako ni fundi wa friji. Nikamwomba radhi kwa usiku ule, hata kama maneno hayakuwa yangu. Akacheka. Akaniambia Joker aliimaliza baadaye, peke yake, kwenye simu.

"Nyinyi mnamtazama yule mwenye kujipaka rangi," akasema. "Mimi nilimtazama karani. Yule wa mafaili. Anakuja na lile faili, anasoma mistari michache, anasita. Kila kitu kimeandikwa mle. Lilikuwepo siku zote."

Ndipo akanieleza nisilolijua. Mamake aliwahi kumpeleka polisi akiwa darasa la sita, akapewa fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, daktari akaijaza: migongo ya mikono yote miwili, paja, makovu mapya na ya zamani. Kabla haijarudishwa, wazee wa familia wakaketi, ami akiwemo, jambo likamalizwa nyumbani.

"Ipo," akasema. "Kabatini kwa mama, kwenye bahasha ya vyeti vya shule." Akanipa tochi nimmulikie, akaingiza mkono nyuma ya friji la watu.