Ukienda Xi'an, Nenda na Njaa

Mume wangu akienda Guangzhou kufuata mzigo, sanduku lake halikosi unga wa sembe, dagaa wa kukaanga na chupa ya achari. Miaka saba sasa. Nikimuuliza Wachina wanakula nini, hunijibu, "Mama Salma, sijui, mimi nakula ugali wangu." Wenzake wengi wako hivyo hivyo. Nawasikia Kariakoo na nawasikia hapa kwetu Tanga: China ni kwa kununua, kula utakula ukirudi. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba tunajidhulumu.

Safari hii tulikwenda wote wawili. Mzigo ulipokwisha kufungwa tukapanda treni ya kasi kutoka Guangzhou hadi Xi'an, safari ya kutwa nzima. Mji niliuchagua mimi. Nilijua una mtaa wa Waislamu katikati kabisa, nyuma ya Mnara wa Ngoma uliojengwa mwaka 1380, na kwamba huko Baba Salma hatakuwa na kisingizio cha kukataa chakula.

Ukiingia mtaa ule, kitu cha kwanza kukupokea ni harufu ya bizari ya pilau. Inatoka kwenye mishikaki ya kondoo inayogeuzwa juu ya makaa, na nilivyoinusa nilihisi nipo barabara ya kwetu usiku wa Ramadhani. Wauzaji wamevaa kofia nyeupe. Milangoni kuna maandishi mawili ya Kichina yanayosomwa *qingzhen*, mara nyingi na Kiarabu pembeni, na hayo ukiyaona jua chakula ni halali. Hawa ni Wahui, Waislamu wa China, ambao baadhi ya mababu zao walikuwa wafanyabiashara Waarabu na Waajemi waliofika kwa Njia ya Hariri mji huu ulipokuwa ukiitwa Chang'an. Barabara kuu imejaa watalii na bei zake ni za watalii. Kata kona, ingia vichochoroni, kaa pale wenyeji wanapokaa.

Ndiko tulikokula *yangrou paomo*, supu ya kondoo yenye mkate.

Hapa naomba nitulie kidogo. Ukishaagiza, chakula hakiji. Linakuja bakuli kubwa tupu na mikate miwili ya ngano, ya mviringo, migumu, ukubwa wa kiganja. Mkate unaumega mwenyewe, kwa vidole, uwe chembe ndogo ndogo kama punje za maharage. Baba Salma alimega vipande kama anavyomega chapati ya kuchovya, dakika mbili akasukuma bakuli mbele. Mama aliyekuwa anahudumia akalitazama, akatikisa kichwa, akamrudishia. Kisha akachukua kipande kimoja, akakivunja vunja taratibu mbele ya macho yake, akamwonyesha kiganjani. Hakusema neno. Mkate ule haukuumuliwa sana, kwa hiyo vipande vikiwa vikubwa supu haiingii ndani. Vikiwa vidogo kila chembe inakunywa mchuzi.

Basi tukamega. Ilituchukua karibu nusu saa. Vidole vimejaa unga, simu hazishikiki, na pale mezani mume wangu akaanza kunisimulia mambo ya Guangzhou ambayo kwa miaka saba sikuwahi kuyasikia: chumba anachofikia, usiku wa kwanza alivyopotea njia, mzigo uliowahi kuharibika akanificha ili nisiingiwe na hofu. Nilikuwa namsikiliza huku namega. Sijui kama angeyasema tungekuwa tumeletewa sahani iliyokwisha pakuliwa.

Bakuli huchukuliwa na kibandiko cha namba, ili mkate uliomega wewe urudi kwako. Jikoni wanaupika kwa supu ya kondoo iliyochemka saa nyingi, wanaongeza tambi nyembamba zinazong'aa na minofu ya nyama juu. Unaletewa pilipili iliyosagwa na vitunguu saumu vilivyolowekwa kwenye siki na sukari, ambavyo unavitafuna kama sisi tunavyotafuna achari. Wenyeji hawakorogi. Wanaanza pembeni ya bakuli na kwenda ndani polepole, supu ibaki na moto wake. Nasi tukafanya hivyo. Chupa ya achari kutoka Tanga ilibaki hotelini haijafunguliwa.

Hatua chache kutoka hapo upo Msikiti Mkuu, ambao kwa mapokeo yao ulianzishwa mwaka 742, ingawa majengo mengi yanayoonekana leo ni ya enzi ya wafalme wa Ming, karne ya 14 hadi ya 17. Usitafute kuba. Utapita ua baada ya ua, miti, malango ya mbao, mapaa yaliyopinda ncha, na mnara wake ni jengo la pembe nane ambalo usingelidhania mnara. Ndani ya ukumbi wa sala aya za Qurani zimechongwa kwenye mbao za kuta. Tuliswali Adhuhuri tumeelekea magharibi, sisi tuliozoea kibla cha kaskazini. Mzee mmoja alitusalimia, "Asalaam aleikum," tukaitikia, na hapo ndipo lugha tuliyoshirikiana ilipoishia. Alimshika mume wangu mkono kwa muda mrefu.

Jeshi la udongo, yaani zile sanamu za askari, nalo tuliliona, kama kila mtu. Lipo nje ya mji upande wa mashariki, na dereva aliyetuchukua alitupoteza saa nzima kwenye duka la sanamu kabla ya kutufikisha, kwa hiyo nashauri mpande basi la abiria. Wakulima waliokuwa wanachimba kisima mwaka 1974 ndio waliogundua sanamu hizi, zinazokadiriwa kufikia 8,000, zilizozikwa kumlinda mfalme Qin Shi Huang aliyefariki mwaka 210 kabla ya Kristo. Shimo la kwanza ni kubwa, watu wanasukumana, picha zinapigwa. Kilichonishika mimi ni mpiga upinde mmoja aliyepiga goti ndani ya kabati la kioo. Ukizunguka nyuma yake unaona soli ya kiatu chake, na fundi amechora alama za mshono tundu kwa tundu, mahali ambapo alijua pakifukiwa hapataonwa tena na mtu. Nilisimama pale mpaka Baba Salma akanivuta mkono.

Jioni tulikodi baiskeli juu ya ukuta wa mji. Ni ukuta wa enzi ya Ming, mzunguko wake unakaribia kilomita 14, na juu ni mpana kiasi cha magari mawili kupishana. Upande mmoja maghorofa, upande mwingine mapaa ya zamani. Tuliendesha taratibu mpaka taa zikawashwa.

Wapo watakaosema haya ni anasa, mtu akienda China afuate biashara arudi. Siwalaumu, pesa ni ngumu. Lakini nauli mmekwisha kulipa, na bakuli la supu halimfilisi mtu anayenunua mzigo wa kontena. Siku mbili tatu zinatosha. Mchukueni na mke, si kila mwaka abaki akingojea zawadi.

Asubuhi ya mwisho tulirudi kichochoro kile kile. Yule mama alitutambua, akaleta mabakuli mawili na mikate minne. Kabla sijakaa vizuri, Baba Salma alikuwa ameshavuta bakuli langu upande wake. Akaanza kumega, chembe ndogo ndogo, akaniambia, "Wewe pumzika. Niambie mambo ya Tanga nikiwa sipo."